Jinsi ya kuomba cheo cha EUR ING

EUR ING (European Engineer) ni cheo cha kitaalamu cha wahandisi barani Ulaya. Hutolewa na Engineers Europe, shirikisho la vyama vya wahandisi lenye makao Brussels, lililojulikana kama FEANI hadi 2022. Usiwaandikie moja kwa moja: uwe kwanza mwanachama wa chama cha wahandisi kinachotambuliwa na mwakilishi wa nchi yako katika shirikisho hilo, maana maombi hupitia huko.

Kigezo ni miaka 7 baada ya sekondari: angalau 3 ya chuo kikuu cha uhandisi na 2 ya kazi, 2 inayobaki hujazwa kwa masomo, mafunzo au kazi.

Shughulikia sana maelezo ya kazi. “Nilishiriki ujenzi wa daraja” haitoshi. Taja ulikokotoa nini, uamuzi gani ulikuwa wako, tangu mwezi gani hadi upi.

Cheo hakichukui nafasi ya leseni pale sheria inapoidai.