Kubeba darubini kwenda Luxor Agosti 2027: mazoezi yanaanzia nyumbani

Wadau mnaopanga kwenda Misri kuangalia jua likipatwa tarehe 2 Agosti 2027, kuna kitu kimoja naona watu hawakiongelei kabisa, kwamba pale Luxor giza likiingia, kwenye saa saba mchana hivi, jua litakuwa karibu utosini, kama digrii 82 juu. Na giza lenyewe litakaa zaidi ya dakika 6, ambayo ni ndefu sana kwa kupatwa kamili. Sasa darubini nyingi ndogo ukiielekeza juu namna hiyo, sehemu ya nyuma inagonga mguu wa stendi, na kama umefunga kamera nyuma ndo kabisa, unabaki unahangaika na skrubu wakati mwenzako anaangalia.

Kwahiyo kabla hujafikiria tiketi, fanya hili jaribio. Ukiwa Dar jua linapita utosini kwenye tarehe 10 Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi, saa sita na kidogo mchana, Nairobi ni mwishoni mwa Septemba na katikati ya Machi. Toa stendi yako nje siku hizo, lenga jua (filta, yaani kile kizuizi cha kupunguza mwanga wa jua, ikiwa imeshafungwa mbele, hilo nalirudia chini), uone kama inafika bila kugonga kitu. Ikigonga tafuta kipande cha kuinulia darubini juu ya stendi, au isogeze mbele kwenye kibanio chake. Alafu nunua kile kioo cha kukunja mwanga kwa pembe ya digrii 90, yaani unachungulia kwa pembeni badala ya kulala chali chini kwenye mchanga wenye joto, maana Luxor mwezi wa nane ni zaidi ya digrii 40 kivulini, usichukulie poa.

Darubini yenyewe isiwe kubwa. Ya lenzi yenye upana wa milimita 60 mpaka 80, na urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi mpaka pale mwanga unapokusanyika) kama milimita 400, inatosha na inaingia kwenye begi la mkononi. Ukiweka lenzi ya kuchungulia ya milimita 25 unapata ukuzaji wa mara 16, unaona mdogo lakini huo ndo unaoutaka, kwasababu wakati wa giza ile korona, ule mwanga mweupe unaotawanyika kuzunguka jua, inasambaa mbali, ukikuza sana unaikata yote unabaki na duara jeusi tu. Jua linatembea upana wake wote ndani ya dakika 2, kwahiyo kama stendi yako haina mota, kwenye ukuzaji mdogo utakuwa unasukuma kidogo kidogo tu bila presha.

Sasa filta, na hapa naomba mnisome taratibu. Filta inakaa MBELE ya darubini, upande unaoangalia jua. Zile darubini za bei rahisi zinazokuja na kikioo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya kuchungulia, kikioo kile kitoe ukitupe, joto la jua limekusanywa pale pale, kinaweza kupasuka jicho lako likiwa limegusa. Eksirei, sidii, miwani ya jua, hapana. Na ile miwani ya karatasi ya kuangalizia kupatwa ni ya macho matupu tu, usichungulie nayo kwenye darubini, itatoboka. Ukinunua filta ya karatasi ya kampuni ya Baader, angalia namba ya ukali wa kuzuia mwanga, 5.0 ndo ya kuchungulia kwa macho, 3.8 ni ya kamera tu, na watu wanazichanganya.

Mimi mwaka 2016 nilikuwa Rujewa kule Mbarali, kwenye lile kupatwa la pete, ambapo mwezi haulifuniki jua lote na ukingo wake unabaki unawaka, na upepo ulivyoanza karatasi ya filta ikawa inainuka upande mmoja kwasababu nilibana kwa selotepu peke yake, nikaiona kabla mtu hajaweka jicho, mpaka leo nikikumbuka moyo unadunda maana kulikuwa na watoto kwenye foleni. Tangu hapo natengeneza kofia ya kadibodi ngumu inayoingia kwa kubana, na kamba juu yake. Kila asubuhi naiinua kwenye taa, nikiona katundu hata kama ncha ya sindano siitumii. Na kile kidarubini kidogo cha kulengea pembeni kifunike au kitoe kabisa, lenga kwa kivuli, kivuli cha bomba la darubini kikiwa kidogo kabisa chini umelipata jua.

Tofauti na Rujewa ni kwamba pete haitoi ruhusa ya kutoa filta hata sekunde moja, ila Luxor utaitoa. Unasubiri ile chembe ya mwisho ya mwanga ipotee ukingoni, ndo unatoa, sio kabla. Na kurudisha ndo kwenye hatari zaidi, watu wanajisahau. Weka alamu ya dakika 5 kuanzia giza lilipoingia, ikilia mkono uende kwenye filta, muda uliobaki angalia kwa macho tu, hutajuta.

Fokasi uiweke mapema kwenye ukingo wa jua au kwenye madoa yake, alafu ibane kwa tepu, ila irudie tena nusu saa kabla maana joto linabadilisha bomba. Darubini ifunike kwa kitambaa cheupe wakati hutumii. Simu ikiachwa juani inazima, iweke kivulini. Stendi iteremshe miguu, ining'inizie begi la mchanga.

Betri na pawabenki zipande ndegeni na wewe, zisiingie kwenye mizigo ya chini, pawabenki ya 20,000 mAh ni kama Wh 74 (Wh ni kipimo cha nishati ya betri) hivyo iko ndani ya kikomo cha kawaida cha ndege cha Wh 100. Kuhusu kuingia na darubini Misri, uliza ubalozini mapema upate jibu la maandishi. Droni iache nyumbani.

Mwezi mpevu una ukubwa karibu sawa na jua ukiutazama, kwahiyo usiku wowote ukiwa mpevu fanya zoezi zima, kufunga kofia, kulenga, kutoa, kuhesabu, kurudisha, ukiwa umefumba macho mikono ijue yenyewe filta iko wapi.