Msasa kwenye mpini wa khukuri

Khukuri, kisu kikubwa kilichopinda cha Nepali, ikikutoa malengelenge ukichanja kuni porini, usilaumu kiganja: ni lile tuta la duara katikati ya mpini. Funga ubapa kwa tambara nene, sugua tuta kwa msasa namba 120 mpaka lilale, malizia na 400, paka mafuta ya kitani, futa yanayobaki. Vanishi ikishatoka, mti hautelezi sana hata mkono ukiloa jasho. Kitako kilichotanuka usikiguse. Ndicho kinachozuia kisu kuchomoka mkononi. Mpini wa pembe ya nyati haunywi mafuta kama mti, na vumbi lake linanuka nywele zilizoungua, vaa barakoa. Mpini unaocheza? Msasa hausaidii, gundi ya ndani imeachia.