Namna ya kusaidia kutunza tovuti ya Debian

Debian ni mfumo huria wa kuendesha kompyuta. Toleo lake la 12 lilipotoka tarehe 10 Juni 2023, ushauri mmoja uliozoeleka kwa miaka ulipitwa na wakati siku hiyohiyo. Kabla ya hapo, mtu mwenye laptopu ambayo kadi yake ya Wi-Fi inadai fimwea, yaani vile vijiprogramu vya ndani vinavyoendesha kifaa, alielekezwa atafute faili la usakinishaji lisilo rasmi, au apakue fimwea pembeni na kuiweka kwenye flashi ya pili. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura na kukubaliana fimwea ziingie kwenye faili rasmi. Tangu hapo kila sentensi iliyosema "katafute lisilo rasmi" ilipaswa kutafutwa na kuandikwa upya. Kazi hiyo hailipwi. Hufanywa na watu wa kujitolea wanaokaa jioni na kupitia kurasa mojamoja.

Mimi ni mmoja wao. Ni fundi wa kompyuta hapa Tanga, nasakinisha Debian kwenye mashine za shule na za watu binafsi, na tovuti naishughulikia usiku, bando likiwa nafuu. Kila ninaposahihisha ukurasa namfikiria mtu anayepakua kwa bando kama mimi. Hata lile faili dogo la usakinishaji, netinst, linalopakua mengine mtandaoni, lina mamia ya megabaiti. Mwenye kompyuta ya zamani ya biti 32 asipoambiwa wazi kwamba Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, haina tena faili la kusakinisha kwenye i386 (ndilo jina la mashine hizo za biti 32), atapakua kitu kisichowaka kwenye mashine yake, na fedha imekwenda. Ndiyo maana naipenda kazi hii, na ningependa tuwe wengi tunaoifanya. Si lazima ujue kuandika programu. Ujue kusoma kwa makini, uijue kidogo Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili, na uwe mvumilivu.

Jua ukurasa unatoka wapi

Usifungue kihariri kabla ya kujua ukurasa unaotaka kuusahihisha unatengenezwa wapi. Si kila chenye jina la debian.org kinatoka shina moja. Kurasa za www.debian.org ziko kwenye ripo, yaani ghala la faili pamoja na historia yake, inayoitwa webwml. Wiki ya Debian ni kitu kingine kabisa, unaihariri hukohuko ukiwa na akaunti. Mwongozo wa usakinishaji unatokana na chanzo chake chenyewe, na kurasa za kutafutia vifurushi nazo zina msimbo wao. Nimeona watu wazuri wakitumia jioni nzima kutafuta ndani ya webwml sentensi ambayo haijawahi kuwamo.

Angalia anwani kwanza. Ukisoma `https://www.debian.org/intro/why_debian`, basi chanzo chake ni `english/intro/why_debian.wml`. Njia inafuata anwani, unaongeza folda ya lugha mbele na `.wml` nyuma. Chini kabisa ya ukurasa kuna tarehe mbili: lini maandishi yalibadilishwa mara ya mwisho, na lini ukurasa ulijengwa mara ya mwisho. Ya kwanza ndiyo yenye maana kwako. Ukurasa unaoeleza namna ya kupakua, ambao maandishi yake hayajaguswa tangu toleo la nyuma, ni mahali pazuri pa kuanzia kusoma.

Kuna kurasa nyingine ambazo maneno yake si yako wala yangu. Mkataba wa Kijamii wa Debian, uliopitishwa mwaka 1997, hubadilishwa kwa kura tu. Kura ileile ya fimwea ndiyo iliyoleta toleo lake la 1.2. Kwenye hati kama hiyo unaweza kutafsiri, au kutengeneza kiungo kilichovunjika kilichouzunguka, lakini sentensi iache kama ilivyo hata kama unaona ingependeza zaidi vingine.

Kuipata ripo bila kumaliza bando

Ripo hii ni kubwa. Ina miaka mingi ya historia na folda ya kila lugha. Ukiichukua yote kwa mtandao wa simu utajuta. Chukua sehemu unayohitaji tu:

`git clone --filter=blob:none --sparse https://salsa.debian.org/webmaster-team/webwml.git`

`cd webwml`

`git sparse-checkout set english Perl`

Amri ya kwanza inaleta historia ya mabadiliko bila kubeba yaliyomo ya kila faili la zamani. Ya tatu inakuwekea mezani folda mbili tu. Ukitaka na Kifaransa, ongeza kwa `git sparse-checkout add french`. Kuna watakaokushauri utumie `--depth 1`. Ni nyepesi, ila inakata historia, na kwenye tovuti hii historia ni chombo cha kazi. Utaona sababu nikifika kwenye tafsiri.

Ukifungua faili la `.wml` utakuta HTML ya kawaida, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, juu yake ukiwa na mstari kama huu:

`#use wml::debian::template title="..."`

WML ni chombo cha miaka ya tisini. Kinachukua kichwa, menyu na sehemu ya chini kutoka kwenye violezo na kuvizungushia maandishi yako. Usiogope umri wake. Matokeo ni kurasa za HTML pekee, ambazo seva inazitoa bila kuhesabu chochote, na zinafunguka hata kwenye simu ya bei ndogo yenye mtandao wa kusuasua. Ukishasakinisha kifurushi cha `wml`, ingia kwenye folda ya ukurasa na uujenge, kwa mfano `make why_debian.en.html`, kisha ufungue kwenye kivinjari. Usitume badiliko ambalo hujalijenga na kulitazama kwa macho yako.

Viungo

Kiungo kilichovunjika ndiyo kazi bora ya kuanzia, na ina undani kuliko inavyoonekana. Kile kinachorudisha 404, yaani ukurasa haupatikani, ni rahisi, programu yoyote ya kukagua viungo itakionyesha. Kibaya ni kile kinachofunguka vizuri. Kampuni ndogo iliyoorodheshwa miaka kumi iliyopita imefungwa, jina lake la mtandao likaisha muda, mtu mwingine akalinunua na kuweka mchezo wa kubahatisha. Mashine inaona kila kitu ni shwari. Msomaji anabofya kutoka kwenye ukurasa wa Debian na kujikuta kwenye kamari. Orodha ya washauri wanaotoa huduma za Debian kwa kila nchi, na ile ya taasisi zinazotumia Debian, ni za kukaguliwa kwa jicho la mtu. Fungua kila kiungo, soma, jiulize kama bado ndiyo taasisi ileile.

Ukirekebisha kiungo cha ndani ya tovuti, usiandike mwisho wa faili. Kiungo kiwe `$(HOME)/social_contract`, kisiwe `social_contract.en.html`. Sababu ni kwamba seva yenyewe humchagulia msomaji lugha kulingana na mpangilio wa kivinjari chake. Ukibandika `.en.html`, Mfaransa aliyekuwa akisoma kwa Kifaransa anatupwa kwenye Kiingereza bila kuulizwa. Jaribu mwenyewe:

`curl -I -H "Accept-Language: fr" https://www.debian.org/social_contract`

Kwenye majibu tafuta mstari wa `Content-Location`. Utakuonyesha faili la Kifaransa. Badilisha `fr` kuwa `de`, utaona la Kijerumani. Kivinjari changu kimewekwa Kiswahili kwanza na Kiingereza cha pili, na pale tafsiri isipokuwepo seva inashuka kwenye lugha ya pili. Nawashauri na wenzangu wafanye hivyo.

Badiliko dogo la Kiingereza linavyowagusa wengine

Kijana mmoja niliyemwelekeza kazi hii alinipigia simu akiwa amekereka. "Dada, nimesahihisha herufi mbili tu. Mbona naulizwa maswali yote haya?" Nilimwambia afungue ukurasa uleule kwenye folda ya Kifaransa na anisomee mistari ya juu. Akakuta huu:

`#use wml::debian::translation-check translation="..."`

Penye zile nukta, ndani ya alama za kunukuu, kuna mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, ambao ni utambulisho wa komiti (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye Git) ya Kiingereza ambayo mfasiri aliifuata. Kila faili la tafsiri linabeba alama hiyo. Ukigusa faili la Kiingereza, hata kwa kuondoa nafasi moja iliyozidi, komiti mpya inazaliwa, na tafsiri zote za ukurasa huo zinahesabiwa kuwa zimebaki nyuma. Mahali fulani mtu ambaye hujawahi kuonana naye ataona ukurasa wake kwenye orodha ya zilizochakaa, atafungua, atalinganisha, na kukuta hakuna cha kutafsiri. Umemchukulia jioni yake.

Basi jiulize kabla ya kutuma: je, maana imebadilika? Kama umesahihisha tahajia tu, au umebadilisha anwani ya kiungo, badiliko hilohilo unaweza kulipeleka wewe kwenye faili za lugha zote na kusogeza zile alama mbele, wafasiri wasisumbuke. Ndani ya ripo kuna skripti iitwayo `smart_change.pl` iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Hapo ndipo utahitaji folda za lugha nyingine na historia kamili. Kama maana imebadilika, acha alama zilivyo, na useme hivyo kwenye ujumbe wa komiti ili wafasiri wajue kuna kazi ya kweli inawasubiri.

Kwa sababu hiyohiyo, usipange upya mistari. Unaona aya ina mistari mirefu na mifupi, mkono unawasha uinyooshe. Iache. Ukiinyoosha pamoja na kubadilisha neno moja, Git itaonyesha aya nzima imebadilika, na mfasiri atatafuta lile neno kama sindano kwenye rundo la nyasi. Kama ni lazima upange, fanya komiti yake peke yake.

Kutuma ulichofanya

Njia ni mbili. Ukiwa na akaunti ya Salsa, seva ya Git ya Debian, tengeneza nakala yako ya ripo, weka badiliko kwenye tawi lake, kisha tuma ombi la kuunganisha. Badiliko moja kwa ombi moja. Ukichanganya kiungo, tahajia na aya mpya, anayepitia atakwama kwenye aya, na kiungo kitaendelea kuwa kibovu kwa wiki kadhaa.

Usipokuwa na akaunti, barua pepe inatosha. Iandikie `submit@bugs.debian.org`, na mstari wa kwanza wa barua uwe `Package: www.debian.org`. Taja anwani ya ukurasa, nakili sentensi yenye kasoro kama ilivyo, kisha andika unavyoona ingesomeka. Kama unasema taarifa imepitwa na wakati, onyesha umeijuaje: umejaribu mwenyewe, au imeandikwa kwenye maelezo ya toleo jipya. Ripoti inayosema tu "ukurasa huu ni wa zamani" inamwachia mwingine kazi yote. Ujue pia kwamba barua hiyo, pamoja na anwani yako ya barua pepe, itasomwa na yeyote duniani na haitafutwa, kwa hiyo tumia anwani ambayo uko radhi ionekane.

Kisha subiri. Anayepitia naye ana kazi yake ya mchana, ana watoto, na mengine. Zikipita wiki mbili tatu kimya, andika tena kwa adabu kwenye ripoti ileile, uulize kama kuna kilichopungua. Usifungue ripoti mpya ya jambo lilelile. Ukiombwa urekebishe, rekebisha na ushukuru. Ukiona ombi lao si sahihi, eleza sababu mara moja kwa ukamilifu, bila maneno makali. Ukionekana unafanya kazi safi kwa muda, utapewa ruhusa ya kuandika moja kwa moja kwenye ripo. Usiiombe kwenye barua yako ya kwanza.

Badiliko likishaingia, halitaonekana papo hapo. Tovuti hujengwa upya yenyewe kwa ratiba, mara kadhaa kwa siku. Rudi baadaye, angalia tarehe zile mbili chini ya ukurasa, kisha piga tena ile amri ya `curl`, kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine moja, uhakikishe zote mbili zimekaa sawa. Kama kulikuwa na ripoti, andika barua kwa namba yake ikifuatiwa na `-done@bugs.debian.org`, ueleze kilichobadilishwa na utaje komiti. Barua hiyo inaifunga ripoti, na aliyeituma anapata nakala yake.