Ichukue hiyo kazi ngumu, ila andika kwanza

Jamani, ukipewa kazi inayokutisha kidogo usiikimbie, ichukue, ila kabla hujaanza kaa chini uandike unadhani itaendaje, wapi utakwama na ukikwama utafanyaje. Ukimaliza rudi usome. Pale ulipodhani ni mteremko kumbe ndo palipokutoa jasho, hapo ndo pa kukaa napo, maana usipoandika akili inakudanganya eti ulijua tangu mwanzo na unatoka mtupu. Mwanasaikolojia Robert Bjork alishaeleza mwaka 1994 kwamba ugumu wa kiasi ndo unafanya kitu kikae kichwani muda mrefu. Wa kiasi lakini! Ile ambayo hata pa kuanzia hupaoni, omba mzoefu akae na wewe kwanza.