Namna ya Kupanga Kituo Kimoja cha Taka na Urejelezaji kwa Vijiji Jirani

Vijiji vingi vya Tanzania vikipata fedha za kituo cha taka huanza kwa kumwita fundi ujenzi. Ninashauri muanze na mzani na mnunuzi, kwa kuwa hao ndio watakaowaonyesha jengo liwe na ukubwa gani, na pengine kama linahitajika.

Hatua ya kwanza: pimeni taka. Chagueni kaya katika kila kitongoji, za barabarani na za mashambani, mkazigawie viroba viwili viwili, kimoja cha taka zinazooza na kingine cha taka kavu. Pimeni kila siku kwa wiki nzima, na taka za siku ya gulio zipimwe peke yake ili zisivuruge hesabu. Kwa kawaida sehemu kubwa ya uzito huwa ni maganda, majani na majivu. Hizo zibaki nyumbani ziwe mboji au chakula cha mifugo, maana kusafirisha maganda ya ndizi kilomita 10 ni kupoteza mafuta bure.

Hatua ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote: mtafuteni mnunuzi kabla ya kiwanja. Muulizeni anachukua nini, kwa bei gani kwa kilo, na mzigo mdogo kabisa anaokubali kuufuata. Hapo ndipo faida ya vijiji kuungana inapoonekana. Mita moja ya ujazo ya chupa za plastiki zisizobanwa ina kilo 20 hivi tu, kwa hiyo lori la mita 20 za ujazo litaondoka na kilo 400, na nauli itameza mauzo yote. Chupa zikibanwa na kufungwa robota, lori lilelile hubeba mzigo mara kadhaa ya huo, lakini kijiji kimoja kitangoja muda mrefu mno kulijaza. Chupa za vioo ni nzito na bei yake ni ndogo. Msiwaahidi wananchi kuzipokea kabla mnunuzi hajathibitisha.

Hatua ya tatu ni kiwanja. Kisiwe na mgogoro, uamuzi upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, na afisa mazingira wa wilaya aulizwe kuhusu vibali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka umbali wa mita 60 kutoka mtoni au ziwani. Kikagueni wakati wa masika, mkaone kama lori lililojaa litapita.

Kisha choreni mpangilio: mzigo uingie upande mmoja, upimwe, uchambuliwe kwenye meza inayofika kiunoni ili wachambuaji wasiiname siku nzima, uende vizimbani, na utokee upande wa pili. Maboksi yawe chini ya paa, kwani yakilowa hayauziki.

Taka hatarishi zipangiwe mapema. Za zahanati zikataeni kabisa. Makopo ya viuatilifu yasuuzwe mara tatu shambani, maji yake yamiminwe ndani ya bomba la kupulizia, na makopo yatobolewe kabla ya kuletwa, ili asiwepo mtu wa kuyachotea maji ya kunywa.

Mwisho, fedha. Mauzo peke yake ni nadra kutosha mishahara, hivyo kubalianeni mapema kuhusu ada ya kila kaya, na hesabu za daftari la mzani zibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.