Uzamili wa usimamizi na udhibiti wa dawa: soma mtaala kwanza

Mimi ni mfamasia, naandaa dosia, yaani mafaili ya maombi ya usajili wa dawa, hapa Dar es Salaam. Wadogo zangu kazini huniuliza wakasome wapi uzamili. Nami huwauliza: unataka kukaa upande gani wa meza? Kama ni manunuzi, bohari na ugavi, tafuta usimamizi wa dawa, kama ule wa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Kama ni usajili, ukaguzi na ufuatiliaji wa madhara ya dawa, hiyo ni njia nyingine, ya udhibiti, hata majina ya kozi yakifanana.

Omba mtaala wote, usiridhike na kipeperushi. Tafuta humo CTD, yaani ule mpangilio wa dosia wenye sehemu tano. Mwanafunzi asiyewahi kuchambua data za uthabiti wa dawa (dawa hubaki nzuri kwa muda gani), zile za sehemu ya tatu, atakuja kuhangaika nazo kazini, bosi akiwa mlangoni. Najua, nilihangaika. Kozi yangu ya kwanza, ya mtandaoni (na nililipa kwa dola!), ilikuwa sheria za Marekani mwanzo mwisho. TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, haikutajwa, wala mpango wa Afrika Mashariki wa kuoanisha usajili ulioanza 2012. Niliacha muhula wa pili.

Chuo kikiwa cha nje, waulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama shahada hiyo inatambuliwa, kabla hujalipa hata senti. Halafu uliza mafunzo kwa vitendo yanafanyika wapi. Ukijibiwa "utajitafutia mwenyewe", mimi ningetafuta chuo kingine.