Namna ya Kuitambua Sonona Mapema, na Wakati wa Kutafuta Msaada

Watu wengi wanaougua sonona (kwa Kiingereza, depression) hapa Nairobi hawaendi kwa daktari wakisema wana huzuni. Huenda wakisema kichwa kinawauma tangu mwezi uliopita, tumbo linawaka, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu hata baada ya kulala usiku kucha. Hupimwa malaria, hupimwa homa ya matumbo, hupewa dawa za vidonda vya tumbo, kisha hurudi nyumbani na maradhi yaleyale waliyokwenda nayo. Mimi mwenyewe nilipita njia hiyo kwa miezi minne, hadi tabibu mmoja aliponiuliza ni lini mara ya mwisho nilipofurahia kitu chochote. Nilitafuta jibu nikalikosa, na ndipo matibabu yangu yalipoanza.

Kwa hiyo jiulize swali hilo kabla ya mengine yote. Huzuni ya kawaida huja na kuondoka: mtu aliyefiwa hulia, akacheka binamu anaposimulia vituko vya marehemu matangani, kisha akalia tena. Msongo wa mawazo nao huwa na kamba inayoufunga, na kamba hiyo ikikatika mtu hupumua. Kodi ikilipwa au karo ikipatikana, usingizi hurudi. Sonona haifuati utaratibu huo. Kodi hulipwa na moyo ukabaki palepale. Wengine hawahisi hata huzuni, bali utupu, kana kwamba chakula kimekosa ladha, muziki umekosa maana, na watoto wanaorukaruka wakikulaki mlangoni wako mbali nawe sana.

Niruhusu nieleze jambo moja kwa karibu, kwa sababu maelezo ya jumla hayakunisaidia nilipoyahitaji. Niliishi katika chumba kimoja mtaani Umoja. Vyombo vilikuwa kwenye karai siku ya nne, maji yameshika utando wa mafuta, na sufuria ya ugali imekauka juu yake. Bomba lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni na siku hiyo maji yalikuwepo, jambo ambalo mtaani kwetu halikuwa la kila siku. Nilikaa kitandani nikihesabu yatakiwayo: kuinuka, kuchukua ndoo, kufungua bomba, kutafuta sabuni. Nilichoka kabla sijainuka, nikajilaza tena, nikajiita mvivu hadi jioni. Lakini mvivu huufurahia uvivu wake. Mwenye sonona hulala bila kupumzika, huku akijihukumu kwa kila dakika anayolala.

Madaktari hutazama dalili 9: moyo mzito karibu siku nzima, kupoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, kula kidogo mno au kupita kiasi, kukosa usingizi au kulala kupindukia, kuzubaa au kuhangaika mwilini hadi wengine wakaona, uchovu usio na kazi nyuma yake, kujiona huna thamani au kujilaumu bila kiasi, kushindwa kukaza fikira au kuamua, na mawazo ya kifo. Ugonjwa huthibitishwa dalili 5 au zaidi zinapokuwepo karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki 2, mojawapo ikiwa kati ya zile mbili za kwanza, na maisha yanapoanza kuyumba kwa sababu yake. Usingizi una alama yake ya kipekee, kwani wengi huamka saa tisa au saa kumi usiku, kabla hata ya adhana ya alfajiri, wakabaki macho wakipitia makosa yao ya miaka kumi iliyopita. Kushindwa kukaza fikira pia huonekana mahali pasipotarajiwa: unapitishwa steji yako kwenye matatu, unasoma ujumbe wa mama mara tatu bila kuuelewa, halafu huujibu.

Kwa wanaume, sonona mara nyingi huvaa hasira. Yule aliyekuwa mpole anawafokea watoto kwa sababu ya kikombe, anachelewa kurudi makusudi, anaongeza pombe au miraa akisema inamsaidia kusahau. Pombe humpa usingizi wa saa chache, kisha huuzidisha ugonjwa wenyewe. Kwa mama aliyejifungua, machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida. Yakipita wiki 2, au akihisi kwamba mtoto angelelewa vyema zaidi na mtu mwingine, apelekwe kliniki bila kusubiri tarehe ya chanjo.

Ukijishuku, chukua daftari. Kwa siku 14 andika kila jioni saa ulizolala, ulichokula, na jambo lolote lililokupa raha hata kidogo; pasipokuwa na jambo hilo, andika kwamba halikuwepo. Daftari hili lina manufaa kwa sababu sonona huharibu kumbukumbu, na mgonjwa akiulizwa hali yake huwa tayari kusema "niko sawa, ni uchovu tu." Huenda pia ukapewa dodoso liitwalo PHQ-9, lenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likipewa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ya alama 10 au zaidi ni ishara kwamba unahitaji kuchunguzwa kwa makini, ingawa dodoso peke yake si hukumu.

Usingoje siku hizo 14 ziishe iwapo umeshindwa kula au kunywa, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au unawaza kuyakatiza maisha yako. Maneno kama "afadhali nisiamke" au "mngekuwa na nafuu bila mimi" yachukuliwe kwa uzito wake wote, hata yakisemwa kwa sauti ya kawaida. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari 1199 isiyolipishwa, na Befrienders Kenya hupatikana kwa 0722 178 177. Hatari ikiwa ya papo hapo, nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu. Zamani watu walihofu kukiri mawazo hayo kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kwa hiyo hofu ya polisi isimzuie mtu kuufungua moyo wake.

Pasipo dharura, anza na kituo cha afya cha mtaa wako. Si lazima uanzie Mathari, ingawa hospitali hiyo ya magonjwa ya akili iliyo kando ya Barabara ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 1910, imewatibu watu wengi sana, na inanisikitisha kwamba jina lake bado hutumiwa kama tusi. Ukifika kwa daktari, usianze na kichwa wala tumbo. Sema: "Kwa wiki kadhaa sina furaha na sina nguvu, na ningependa kuchunguzwa kama ni sonona." Mweleze dawa unazotumia, kiasi halisi cha pombe unayokunywa, na kama uliwahi kuwa na kipindi cha uchangamfu uliopita kiasi, ukakesha siku kadhaa bila kuchoka na kutumia fedha ovyo, kwani jambo hilo hubadilisha dawa utakayopewa. Ni vyema pia kupimwa damu, kwani upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya thiroidi huweza kuleta uchovu unaofanana na huu.

Tiba ni mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, au dawa, au vyote viwili. Dawa za sonona hazileti uraibu, lakini huchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi kabla ya nafuu kuonekana, ilhali kichefuchefu na maudhi mengine madogo huweza kuanza siku za mwanzo. Wengi huziacha wakati huo, na hilo ndilo kosa ninalowaomba watu walikwepe. Baada ya kupona, kwa kawaida huendelea kutumiwa kwa muda wa miezi 6 au zaidi, na hupunguzwa taratibu kwa ushauri wa daktari. Maombi hayagombani na vidonge. Anayekuombea kwa dhati hatakutaka uvitupe.

Nawe unayemtazama ndugu akififia, usimwambie ajikaze, kwa sababu amekwisha kujikaza kuliko unavyojua. Mwulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani, na wengi hushusha pumzi wanapoulizwa. Akikubali, usimwache peke yake, na ondoa nyumbani sumu za wadudu na akiba ya dawa. Kisha usimwambie tu aende hospitali: mpitie asubuhi, mlipie nauli, keti naye kwenye foleni, na jina lake likiitwa umwulize kama angependa muingie pamoja.